Miezi 8 na kipima unyevu cha udongo

Nilikiagiza siku ile ile nilipolitupa kangaga langu. Nililitunza miaka 6 pembeni ya cherehani, na wiki yake ya mwisho majani yalilegea na kuinama kama ya mmea unaolilia maji. Nikalipa maji. Kesho yake yakalegea zaidi, nikaongeza. Siku ya nne nililing'oa nione kuna nini. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini; ukiivuta ganda lake linavuka na kukuachia uzi mwembamba mkononi, na udongo wa chini ulikuwa na uvundo wa maji yaliyotuama. Mizizi ile ilikufa kwa kukosa hewa, nami nililimwagia kangaga langu maji mpaka siku ya mwisho nikiamini nalihudumia.

Mimi ni fundi cherehani. Maisha yangu yote nimepima kabla ya kukata, kwa hiyo wazo la kwanza lililonijia ni kwamba nilikosa kipimo. Nina vyungu 17 ndani na barazani. Kupoteza kingine kwa kubahatisha sikutaka.

Chombo chenyewe ni kile mnachokiona kila mahali: kichwa cha plastiki ya kijani chenye mshale, na chini yake vijiti 2 vya chuma vyenye urefu wa sentimita 20 hivi. Kina swichi ya kuchagua unyevu, mwanga au asidi ya udongo. Hakina betri. Mshale unatembea kutoka 1 hadi 10: nyekundu ni kavu, kijani ni wastani, buluu ni maji mengi. Kwenye boksi kulikuwa na karatasi yenye orodha ndefu ya mimea, kila mmea na namba yake: ukifika namba hii, mwagilia. Niliipenda sana karatasi ile. Niliibandika ukutani.

Wiki ya kwanza nilikiamini bila swali. Wiki ya pili kikaanza kunichanganya. Chungu kimoja cha mnanaa nilikichoma mahali patatu, nikapata 3, kisha 6, kisha 8, bila kuongeza hata tone la maji. Orkidi yangu, ambayo imepandwa kwenye vipande vya magome, ilionyesha 1 dakika chache baada ya kuimwagilia mpaka maji yakatoka chini. Halafu mnanaa ule ule, nilipoupa mbolea ya maji, ukaruka hadi 9 na kukaa huko siku kadhaa, ilhali kidole changu kilikuwa kinaniambia udongo una unyevu wa kawaida tu.

Nikafanya jaribio mezani, na mtu yeyote anaweza kulirudia. Nilijaza glasi 2 kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye beseni safi. Moja nikatia chumvi kidogo, nikakoroga. Glasi isiyo na chumvi ilinipa 3. Yenye chumvi ilinipa 10, na mshale ukagonga ukingo. Zote mbili ni maji matupu, hakuna kitu chenye unyevu zaidi ya hapo, lakini chombo kiliona moja ni karibu kavu.

Sababu iko kwenye vile vijiti. Ni metali 2 tofauti, na ukizichomeka kwenye kitu chenye unyevu na chumvichumvi zinazalisha umeme kidogo, kama betri inavyofanya. Ndiyo maana hakihitaji betri: udongo wenu ndio betri. Mshale unasoma umeme huo. Maji yakiongezeka umeme unapita vizuri zaidi, hilo ni kweli, lakini mbolea ikiongezeka nayo inasukuma mshale, na pale ambapo vijiti havigusani vizuri na udongo, kwa mfano kwenye magome, kokoto au perlaiti nyingi (zile chembe nyeupe nyepesi za mawe zinazochanganywa na udongo), mshale unalala hata kama mizizi imeloa. Kwa hiyo namba 5 kwenye chungu chenye mboji nzito na namba 5 kwenye chungu chenye mchanga mwingi hazina maana moja. Karatasi ya ukutani niliibandua. Imepanga namba kwa jina la mmea, wakati mshale haujui mmea. Unajua udongo na chumvi zake.

Nilikuwa karibu kukiweka kwenye droo. Kilichokiokoa ni mti wangu wa Ficus elastica, ule mpira wa mapambo wenye majani mapana yanayong'aa.

Huo umo kwenye chungu kirefu cha sentimita 40, na majani yake ya chini yalikuwa yanageuka manjano mojamoja. Kidole nilikizamisha hadi kifundo cha pili, kama sentimita 5, nikakuta pakavu kabisa. Kwa mazoea yangu ya zamani ningemimina lita 2 papo hapo. Badala yake nilikishusha kipima polepole, nikisimama kila hatua. Sentimita 5: namba 2. Sentimita 10: namba 4. Vijiti vyote vilipozama: 9. Udongo ni ule ule, mbolea ni ile ile, mkono ni ule ule, kwa hiyo hapa namba zilikuwa zinalinganishwa zenyewe kwa zenyewe na zilikuwa na maana. Juu jangwa, chini kinamasi. Nilisubiri siku 11 kabla ya kuupa maji tena, nikipima kila asubuhi, nikiona ile 9 inashuka kuwa 8, kisha 6, kisha 4. Majani yakaacha kuanguka. Kwa siku hizo 11 peke yake, chombo hiki kimelipa gharama yake kwangu.

Na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu chungu kile kilinifundisha kitu ambacho nilikuwa nakikosea tangu utotoni. Chini yake niliweka kokoto unene wa vidole vinne ili maji yashuke. Kila mtu aliniambia niweke. Sasa chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe chapachapa, ishike bapa juu ya sinki mpaka iache kudondosha. Ukidhani imemaliza, isimamishe wima. Itadondosha tena. Maji hayakuongezeka, ulichobadilisha ni kimo. Udongo nao unafanya hivyo hivyo: sehemu ya chini kabisa hubaki imeshiba maji baada ya mengine yote kutoka, na unene wa sehemu hiyo unategemea aina ya udongo, hautegemei urefu wa chungu. Ukiweka kokoto, maji hayadondoki kwa hiari kutoka udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za mawe. Yanang'ang'ania kwenye udongo mpaka ushibe. Maana yake kile kinamasi umekipandisha juu, karibu zaidi na mizizi. Kokoto zangu nilizitoa wakati wa kuhamisha mti, nikajaza udongo uliochanganywa na perlaiti hadi chini, na juu ya tundu nikaweka kipande cha wavu wa plastiki ili udongo usivuje. Chungu kifupi na kipana ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndani yake ile sehemu iliyoshiba inachukua karibu nusu ya nyumba.

Mizizi inahangaika humo kwa sababu inapumua. Inahitaji oksijeni kama sisi, na oksijeni hupenya kwenye maji taratibu mno, kama mara 10,000 polepole kuliko kwenye hewa. Nafasi za udongo zikijaa maji kwa siku nyingi, mizizi inadhoofika, ukungu wa kuozesha unaingia, na mizizi dhaifu haiwezi kuvuta maji hata kama imezungukwa nayo. Kwa hiyo majani yanalegea. Ndivyo kangaga langu lilivyonidanganya: mmea unaozama na mmea wenye kiu wana sura moja.

Jinsi ya kuwatofautisha sikuipata kwenye kipima. Niliipata kwenye mizani ya jikoni.

Siku moja nilikuwa nabeba vyungu kuvitoa mvuani nikahisi kwa mkono kwamba kimoja ni chepesi kuliko ndugu yake. Nikajiuliza mbona kitambaa nakijua kwa mkono, nikishika kitenge na nikishika satini sihitaji kuambiwa, kwa nini chungu nisikijue? Nikaweka mnanaa kwenye mizani. Nilimwagilia vizuri, nikaacha maji yatoke mpaka yaishe, nikapima: gramu 1,180. Nikaandika kwa chaki ya kushonea ubavuni mwa chungu. Kisha kila asubuhi nikapima. Majani yalianza kulegea kidogo kwenye gramu 720. Sasa nina namba 2 zinazohusu chungu hiki, udongo huu na mmea huu, wala siyo karatasi ya mtu asiyejua nyumba yangu. Ninamwagilia kikifika 820, kabla hakijateseka. Na kwa kuwa mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1, najua pia kiasi: tofauti ya 1,180 na 820 ni 360, kwa hiyo mililita 360, na kidogo juu ya hapo ili yatoke chini.

Angalieni hilo lilivyo jepesi. Swali la lini na swali la kiasi gani yamejibiwa na kifaa kimoja ambacho wengi tunacho tayari. Majani yakilegea na chungu ni chepesi, ni kiu. Yakilegea na chungu ni kizito, weka birika chini na uchunguze mizizi. Mmea ukikua uzito wake unapanda, kwa hiyo mimi hurudia kupima kila baada ya miezi 2 na kufuta chaki ya zamani. Baada ya wiki kama 6 hivi mizani yenyewe nikaanza kuisahau kwa vyungu vidogo. Nakiinamisha chungu kwa vidole viwili na mkono unajua.

Mizani pia ilinifichulia kosa ambalo kipima kisingelionyesha kamwe. Mrehani wangu uliwahi kukauka sana nilipokuwa safarini. Niliporudi niliumwagilia, maji yakatoka chini mara moja, nikaridhika. Nilipoupima, ulikuwa umeongezeka gramu 60 tu. Udongo wenye peati, yaani mabaki ya mimea yaliyooza nusu kwenye vinamasi, ukikauka kupita kiasi hukataa maji. Unasinyaa, unaachana na ukuta wa chungu, na maji yanateremka pembeni kama mvua kwenye bati. Ukiona yanatoka chini unadhani mmea umekunywa. Dawa yake ni beseni: weka chungu ndani ya maji yanayofika nusu ya kimo chake kwa nusu saa hivi, udongo uyavute taratibu kutoka chini, kisha ukitoe kichuruzike. Mrehani ulitoka kwenye beseni na gramu 400 zaidi, na jioni ile ile shina likasimama.

Kwa siku za kawaida namwaga kutoka juu, polepole, kuzunguka udongo wote na siyo mahali pamoja, mpaka yatoke chini. Nasubiri dakika 10, namwaga tena kidogo. Kisahani nakimwaga baada ya nusu saa. Chungu hakilali ndani ya maji. Kumwaga kutoka juu kuna faida nyingine: yanasukuma chini chumvi za mbolea na za maji ya bomba ambazo hujikusanya na kufanya ule utando mweupe juu ya udongo. Wanaonywesha kutoka chini tu, kama ninavyofanya kwa Saintpaulia, wakumbuke kuosha udongo kutoka juu mara mojamoja. Saintpaulia, lile ua dogo lenye asili ya milima ya Usambara, halipendi maji yakae katikati ya majani yake, na maji ya baridi huyaachia madoa. Langu nimelipitishia utambi wa uzi mnene wa poliesta kutoka kwenye kopo la maji hadi ndani ya udongo. Uzi wa pamba nilijaribu, ukaoza.

Nguo ya chungu nayo ina sauti yake. Nina sansevieria 2, ile mimea yenye majani manene marefu yaliyosimama kama panga, zote vipande vya mmea mmoja aliokuwa nao mama yangu, zimepandwa siku moja kwenye udongo mmoja, dirisha moja. Iliyo kwenye chungu cha udongo wa kuchoma hukauka hadi chini kwa siku 16. Iliyo kwenye plastiki huchukua 29. Chungu cha udongo kinatoa jasho kupitia kuta zake, plastiki hairuhusu. Anayekwambia sansevieria humwagiliwa kila wiki 2 hajakuuliza imekaa kwenye nini, wala kama ni msimu wa joto au wa baridi. Mmea huo huhifadhi maji kwenye majani na hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, wakati hewa haiuvutii maji sana, kwa hiyo kuchelewa hakuuumizi. Kuwahi ndiko kunakouumiza. Hivi ninavyoandika, hicho cha plastiki kina siku 20 bila tone na kiko sawa.

Turudi kwenye chombo, maana ndicho ninachokitathmini. Kipimo cha mwanga kinasaidia kidogo kulinganisha dirisha na dirisha. Kipimo cha asidi msikitegemee. Kwangu kilikaa karibu na 7 kwenye kila chungu, iwe mboji, iwe peati, na najua kwamba peati ina asidi zaidi ya hapo. Vijiti ni laini: ukikutana na jiwe usilazimishe, vuta uchome pembeni. Usikiache kimechomekwa mchana kutwa kama pambo. Metali inaliwa, na cha jirani yangu kilikufa kwa sababu hiyo ndani ya miezi 3. Mimi hukifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya chungu, na mara moja kwa mwezi nakisugua taratibu kwa msasa mwembamba. Baada ya miezi 8 bado kinanipa namba zile zile kwenye glasi zangu 2, ambazo huzirudia kukikagua.

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Moja nimeinyima kwa sababu ya karatasi ile ya namba, ambayo itaua mimea ya watu wanaoiamini. Nyingine kwa kipimo cha asidi, ambacho kisingepaswa kuwekwa. Zile 3 ni halali yake: kwa mwenye vyungu virefu na vizito ambavyo kidole hakifiki chini na mgongo hauwezi kuvinyanyua, sijui kitu rahisi kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi, mradi akisome kwa kulinganisha chungu na chungu hicho hicho, jana na leo, juu na chini. Kijiti kikavu cha mbao kinakaribia: kichomeke hadi chini, kiache dakika 10, kivute uone kimeloa kuanzia wapi na udongo kiasi gani umeganda. Kwa vyungu vidogo chukua mizani. Mwenye orkidi kwenye magome, au mishubiri kwenye changarawe, asinunue. Mshale utalala na yeye ataendelea kumwaga.

Mwezi uliopita nilipanda kangaga jipya, mahali pale pale pembeni ya cherehani. Kangaga halitaki kukauka kama sansevieria, kwa hiyo mpaka wake nimeuweka karibu: likishiba ni gramu 1,040, na chaki inasema nilimwagilie kwenye 900. Leo asubuhi lilikuwa 935, na majani mawili machanga yalikuwa bado yamejikunja. Nimeliacha hadi kesho.